"Nimekosa": Neno Moja, Wafalme Wawili

SOMO LA WIKI
Masomo: 1 Samweli 15:10–31, 2 Samweli 12:1–14, Luka 18:9–14
Mstari wa kushika moyoni: 1 Yohana 1:9



Kwa wale hamkuweza kufika Jumapili, na kwa wale mlikuwepo lakini mtoto alikuwa analia mkatoka nje, hili ndilo somo kwa ufupi. Lisome ukiwa na Biblia mkononi. Mahali tumetaja mstari, ufungue uusome mwenyewe, kwa sababu Neno lenyewe ndilo litakusaidia kuliko maelezo yetu.

Tulianza na swali. Tukisimama kutoa ushuhuda kanisani, tunataja dhambi gani? Karibu wote tunataja za zamani. "Nilikuwa mlevi, nilikuwa natembea na wake za watu, nilikuwa naenda kwa waganga, lakini tangu 2009 Bwana aliponiokoa, mimi ni kiumbe kipya." Haleluya! Hiyo ni kweli na Mungu apewe sifa. Lakini ni lini mara ya mwisho umesikia mtu aliyeokoka miaka 15 akisema, "Jumanne iliyopita nilimdanganya mteja wangu, nimerudi kwake nikamwambia ukweli"? Si rahisi usikie. Ni kana kwamba dhambi zetu zote zilifanywa kabla ya kuokoka.

Lakini nyumbani wanajua. Mke anajua, mume anajua, watoto wanajua, mfanyakazi wa nyumba anajua. Na Bwana anajua. Ukisoma 1 Yohana 1:8–10 utaona mtume anaandikia watu ambao wameshaamini. Anajihesabu pamoja nao, anasema "sisi". Anawaambia kwamba tukisema hatuna dhambi tunajidanganya wenyewe. Kwa hivyo maneno haya si ya mkutano wa injili sokoni peke yake. Ni yetu sisi tunaokaa viti vya mbele.

MFALME WA KWANZA: SAULI

Sauli alipewa agizo kuhusu Waamaleki, na agizo lilikuwa wazi: asibakize kitu. Akaenda vitani, akashinda, lakini akamwacha hai mfalme Agagi pamoja na kondoo na ng'ombe walionona. Vile vitu duni ndivyo walivyoharibu. Kisha, mstari wa 12, akajisimamishia ukumbusho huko Karmeli. Amevunja neno la Mungu na bado anajijengea mnara wa ushindi.

Samweli alipofika, Sauli ndiye alianza kuongea. Akamsalimu kwa jina la Bwana, akasema ametimiza amri. Hapo ndipo kondoo wakaanza kulia. Ndugu yangu, kondoo hawajui kudanganya! Unaweza kupanga maneno vizuri sana, lakini ile kitu umeficha nyuma ya nyumba itatoa sauti. Wahenga walisema, mficha ugonjwa, kifo humuumbua.

Sasa angalia vile Sauli anajibu. Kwanza analaumu watu: ni wao walioacha wanyama (mstari wa 15). Pili anavisha kosa nguo ya ibada: wanyama ni wa kumtolea Bwana sadaka. Samweli anapomkaza, anasema tena ni watu. Mwishowe, mstari wa 24, anasema kwa kinywa chake kwamba amefanya dhambi. Lakini bado anaongeza sababu: aliwaogopa watu.

Usiharakishe hapo. Sauli alisema "nimefanya dhambi". Tena alisema mara mbili, mstari wa 24 na wa 30. Kama kutubu ni kutaja hilo neno peke yake, basi Sauli alitubu. Lakini soma mstari wa 30 mpaka mwisho. Baada tu ya kusema amekosa, anamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake na mbele ya Israeli. Yaani: nimekosa, sawa, lakini watu wasijue. Twende pamoja kwa ibada ili waone mambo yako shwari.

Hicho ndicho kilimwangusha Sauli. Alitaka kusamehewa na Mungu, lakini alitaka zaidi kubaki na sura nzuri mbele ya watu. Na Samweli alimkumbusha mstari wa 17 kwamba kulikuwa na wakati alikuwa mdogo machoni pake mwenyewe. Hakuanza na kiburi. Kiburi kilikua pole pole, pamoja na cheo.

MFALME WA PILI: DAUDI

Tusifanye dhambi ya Daudi kuwa ndogo. Kwa macho ya kibinadamu ilikuwa mbaya kuliko ya Sauli. Alimchukua mke wa Uria Mhiti, kisha akapanga Uria auawe vitani, na barua ya kifo akampa Uria mwenyewe aipeleke kwa Yoabu. Na Uria hakuwa mgeni. Fungua 2 Samweli 23, orodha ya mashujaa wa Daudi, watu 37. Jina la mwisho ni Uria Mhiti.

Baada ya hapo Daudi alikaa kimya miezi kadhaa. Mimba ilikua, na bado mfalme alikaa kwa kiti, akahukumu kesi za watu. Hakuna mahali tunaambiwa aliacha ibada. Mtu anaweza kuendelea na huduma akiwa amekufa ndani. Zaburi ya 32 inatuonyesha vile kunyamaza kunamla mtu mpaka mifupani.

Bwana akamtuma Nathani. Nathani akaleta hadithi ya tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira! Akasema mtu huyo anastahili kufa, na alipe mara nne. Aliijua sheria vizuri, Kutoka 22:1 inasema kondoo wanne kwa mmoja aliyeibwa. Dhambi ya mtu mwingine aliiona mara moja, na hukumu akaitoa papo hapo. Ya kwake alikuwa amelala nayo kitanda kimoja asiione. Kisha Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Daudi angeweza kufanya nini? Alikuwa mfalme. Angemfunga Nathani. Angesema Bathsheba ndiye alioga mahali pa kuonekana. Angesema vita ni vita, watu hufa. Angesema Yoabu ndiye alimweka Uria mbele. Hakusema hata moja. 2 Samweli 12:13: alisema amemfanyia Bwana dhambi, akanyamaza. Hakuweka "lakini".

Kisha linganisha na Sauli. Sauli aliomba jambo lifichwe mbele ya wazee. Daudi aliandika Zaburi ya 51, na maelezo yaliyo juu ya zaburi hiyo yanasema ni ya mwimbishaji, yaani ipelekwe kwa kwaya iimbwe. Tena yanataja jambo lenyewe: Nathani, na Bathsheba. Fikiria mfalme anapeleka toba yake kwa kiongozi wa sifa! Israeli yote itaimba. Mpaka leo tunaisoma. Daudi alipoteza sura nzuri, akapata moyo safi.

Na Nathani je? Daudi hakumfukuza. Miaka mingi baadaye, 1 Wafalme 1, Daudi ni mzee, na Nathani bado anaingia mbele yake na kuongea naye. Mtu mnyenyekevu unamjua kwa hilo: wanaomwambia ukweli bado wana nafasi ya kuingia kwake.

TUIWEKE KWA MAISHA YETU

Tuseme dada mmoja ni mweka hazina wa chama. Karo ya mtoto imefika, akachukua shilingi 12,000 za chama akijiambia atarudisha. Mwezi ukaisha, hajarudisha. Siku ya kikao inakuja.

Akitubu kama Sauli atasema hivi: "Wapendwa, kulikuwa na mchanganyiko kidogo kwa hesabu. Mnajua maisha yamekuwa magumu, hata mwenyekiti hakuwa anakagua kitabu. Lakini kama kuna mtu ameumia, naomba msamaha." Kisha anaomba kikao kifungwe kwa maombi haraka.

Akitubu kama Daudi atasema: "Nilichukua 12,000 za chama bila kuuliza. Nilijua si zangu. Nitarudisha 4,000 kila mwezi kuanzia mwezi huu. Na kama mnaona heri mtu mwingine ashike kitabu, hiki hapa."

Umeona tofauti? Wa kwanza ameomba msamaha kwa kosa ambalo hakulitaja. Lile neno "kama" limebeba kosa na kulitupa kwa aliyeumia, kana kwamba shida ni hisia zake. Wa pili ametaja kitu, ametaja kiasi, amesema alijua, ameweka njia ya kulipa, na amekubali kupoteza nafasi yake. Mithali 28:13 inasema afichaye dhambi hatafanikiwa, na anayeziungama na kuziacha atapata rehema. Ni mambo mawili yamewekwa pamoja: kuungama na kuacha.

Na Hesabu 5:6–7 inaongeza la tatu. Aliyemkosea mwenzake aungame, alipe kamili, na juu yake aongeze sehemu ya tano. Kwa 12,000 hiyo ni 2,400 zaidi. Zakayo katika Luka 19:8 alikwenda mbali kuliko hapo, akalipa mara nne. Hakununua wokovu kwa hiyo pesa. Yesu alikuwa ameshaingia nyumbani kwake, na wokovu ukiingia nyumbani, mkono unafunguka.

FARISAYO HAKUDANGANYA

Katika Luka 18 kuna jambo ambalo tunalipita haraka. Yule Farisayo hakusema uongo. Alifunga kweli mara mbili kwa wiki. Alitoa zaka kweli. Kama angekuwa mshirika wetu, tungemfanya shemasi mara moja!

Shida yake ilikuwa nini? Mstari wa 9 unasema Yesu alitoa mfano huu kwa watu waliojiamini kuwa wana haki na kuwadharau wengine. Alipanda hekaluni kuomba, lakini ukiisoma sala yake yote, hakuna mahali ameomba kitu. Hakuwa na hitaji. Alichukua kipimo cha jirani, mtoza ushuru, akajipima akajiona mrefu. Yule mtoza ushuru hakumtazama mtu. Alisimama mbali, akajipiga kifua, akaomba rehema. Huyo ndiye alirudi nyumbani amehesabiwa haki.

Sasa wapendwa, tuwe waangalifu. Mtego wa Farisayo una mlango wa pili. Tunaweza kusoma hadithi hii tukaenda nyumbani tukiomba, "Asante Bwana mimi si kama yule Farisayo." Ukishasema hivyo, umeshakuwa yeye. Hata sasa unaposoma, kama kuna jina la mtu limekuja kichwani, "Laiti angesoma hii!", simama kidogo. Daudi pia alifikiri hadithi ilikuwa ya mtu mwingine.

Mtume Paulo anatufundisha hapa. Katika 1 Wakorintho 15:9 anajiita mdogo katika mitume. Katika Waefeso 3:8 amekuwa mdogo kuliko aliye mdogo wa watakatifu wote. Katika 1 Timotheo 1:15 anajiita wa kwanza wa wenye dhambi, na hasemi "nilikuwa", anasema ni yeye sasa. Paulo hakuwa anarudi nyuma kiroho. Chumba chenye giza kinaonekana safi. Ukifungua dirisha jua likiingia, ndipo unaona vumbi. Kadiri Paulo alivyomkaribia Kristo, ndivyo alivyojiona vizuri, na ndivyo neema ilivyokuwa tamu kwake.

WALIOTUTANGULIA

Jambo hili si geni kwa nchi yetu. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari mmishenari kutoka Uingereza aliyeitwa Joe Church, aliyefanya kazi Gahini huko Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa watu wa kanisa tayari, lakini waliona ukavu. Wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Katika miaka ya 1930 uamsho ukaenea kutoka Rwanda na Uganda mpaka Kenya, Tanganyika na Burundi. Huko Uganda waliitwa Balokole, maana yake waliookoka. Sisi tulio Wapentekoste tunapoamkiana kwa kusema "nimeokoka", lugha yetu ina deni kwa wazee wale.

Walisisitiza nini? Kutembea nuruni, kama 1 Yohana 1:7. Walikutana katika vikundi vidogo na kuungama dhambi za wiki hiyo, si za miaka 20 iliyopita. Watu walirudisha vitu walivyoiba kwa waajiri na majirani. Wamishenari Wazungu waliungama kiburi chao mbele ya Waafrika, wakati wa ukoloni ambapo jambo hilo halikuwa la kawaida hata kidogo. Msalaba uliwaweka kwa kiwango kimoja.

Lakini hata wao walijaribiwa. Kuna waliofanya kuungama hadharani kuwa kipimo cha kumjua aliyeokoka na asiyeokoka, mafarakano yakaingia. Kumbe hata unyenyekevu unaweza kugeuzwa kuwa medali ya kujivunia!

MAMBO YA KUCHUNGA

Kwanza, unyenyekevu si kujidharau. Kusema kila saa "mimi si kitu, mimi ni bure" si toba. Mara nyingine mtu anasema hivyo ili aambiwe, "Hapana, wewe ni mtu wa maana sana." Mnyenyekevu anakubali ukweli wote: amekosa, na amenunuliwa kwa damu ya thamani. Msalaba unasema yote mawili.

Pili, ungama mahali panapofaa. Dhambi uliyomfanyia Mungu pekee, mpelekee Mungu. Uliyomfanyia mtu, mwendee huyo mtu, vile Mathayo 5:23–24 inasema, hata kama ni kuacha sadaka madhabahuni kwanza. Uliyoifanyia jamii ya kanisa, iseme mbele ya kanisa. Si kila kitu ni cha maikrofoni. Ukiungama hadharani jambo linalomwaibisha mtu mwingine ambaye hakukubali litajwe, umeongeza dhambi juu ya dhambi.

Tatu, wewe unayeungamiwa, funga mdomo. Yakobo 5:16 inatuambia tuungamiane na kuombeana. Haituambii tupelekeane habari. Kuna masengenyo yanatembea yakiwa yamevaa nguo ya maombi: "Tumwombee fulani, jamani, ako na shida ya ndoa." Kanisa likiwa hivyo, hakuna mtu atatubu. Kila mtu atachagua kubaki Sauli, kwa sababu kuwa Daudi kunaumiza sana.

Nne, msamaha hauondoi matokeo yote. Nathani alimwambia Daudi Bwana ameiondoa dhambi yake, lakini nyumba ya Daudi ilipata machungu mengi baadaye. Aliyempiga mkewe au kumdhulumu mtoto asilete "nimetubu" kama kizuizi cha sheria, na kanisa lisimlazimishe aliyeumizwa kurudi mahali pa hatari kwa sababu mwenye kosa amelia madhabahuni. Aliyetubu kweli hapangii aliyemkosea masharti. Anakubali kusubiri, na anakubali kujibu.

WIKI HII

Tunakuomba ufanye jambo moja tu. Kabla ya Jumapili, mwendee mtu mmoja uliyemkosea baada ya kuokoka. Anza na wa nyumbani. Taja kosa kwa jina lake. Usiweke "kama". Usiweke "lakini". Ukimaliza, nyamaza umsikilize. Akikataa kukusamehe leo, usikasirike, umefanya sehemu yako, endelea kumwombea. Baba, usiogope kumwambia mtoto wako, "Nilikukosea jana nilipokupigia kelele bure." Heshima yako haitapungua. Mtoto huyo atajua siku moja njia ya kurudi nyumbani akikosea, kwa sababu alimwona baba akiipita.

MASWALI YA KIKUNDI CHA NYUMBANI

1. Soma 1 Samweli 15:24 na 30, kisha 2 Samweli 12:13. Wafalme wote wawili walikiri dhambi. Ni kitu gani kinatofautisha toba zao?
2. Ni nani Nathani wako? Mara ya mwisho alipokuambia ukweli, ulimfanyia nini?
3. Je, kikundi chetu ni mahali ambapo mtu anaweza kusema "nimeanguka wiki hii" na habari isitoke nje? Kama si hivyo, tubadilishe nini?
4. Kuna kitu chochote unatakiwa kurudisha: pesa, shamba, kifaa, jina zuri la mtu?

MAOMBI

Bwana Yesu, tunakuja kwako sisi tuliookoka, si kama wageni bali kama watoto. Umeona vile tumepaka rangi makosa yetu na kuweka lawama kwa wengine. Utuondolee hofu ya macho ya watu. Tutumie Nathani wetu, na utupe neema tusimfukuze. Tufundishe kusema "nimekosa" na kunyamaza, tukijua damu yako inatosha. Utusaidie kulipa tunachodaiwa na kulinda siri za wanaotubu. Katika jina lako, Amina.

Mbarikiwe, na tuonane Jumapili. Njoo na Biblia yako, na kama kuna mtu mmekosana, mje pamoja.